Ryzen au Core i5? Tuanze na madabodi

Jumapili kijana mmoja anayesoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, alikuja kwangu Kisasa na kompyuta yake, ameipakata kwenye bodaboda tangu Ng'ong'ona. Ndani ina prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Ryzen 3 1200, madabodi (bodi kuu inayobeba vipuri vyote) ya B450, ramu za DDR4 za GB 16 na kadi ya picha GTX 1660 Super. Gemu zinakwama kila mji wa ndani ya gemu unapochangamka. Ameweka akiba ya kubadilisha prosesa, ila wenzake wa hosteli wamegawanyika: nusu wanataka anunue Ryzen 5 5600 ya AMD, nusu Core i5-12400F ya Intel. "Kaka, ipi ina nguvu?" akaniuliza.

Hilo la nguvu halinipi shida. Zote mbili zilitoka mwaka 2022, zote zina kori sita (kama vichwa sita vya kufanya kazi) na nyuzi 12 (kazi zinazoweza kwenda kwa pamoja), na kwenye gemu nyingi zinafukuzana kwa karibu. Kwa kadi aliyonayo na skrini ya 60Hz, yaani inayoonyesha picha 60 kwa sekunde, jicho lake halitaona tofauti. Alichonacho sasa ni kori nne na nyuzi nne za mwaka 2017, na ndiyo maana gemu za siku hizi zinamshinda. Yoyote kati ya hizo mbili itamtoa hapo.

Tofauti kubwa iko kwenye soketi, sehemu ya madabodi inayopokea prosesa. AMD walianza na AM4 kwa Ryzen za kwanza, na 5600 bado inaingia humo humo. Kijana huyu ananunua kitu kimoja tu, na feni yake imo ndani ya boksi. Akienda Intel lazima anunue na madabodi, kwa sababu 12400F inataka soketi ya Intel ya LGA1700. Ramu zake zitafaa, mradi madabodi hiyo iwe ya DDR4. Zipo za LGA1700 zinazotumia DDR5, ramu za kizazi kipya zisizoingiliana na DDR4, na muuzaji asiye makini anaweza kumfungashia hiyo kutoka Kariakoo. Kurudisha mzigo Dar kwa basi au treni ni gharama nyingine.

Wanaotetea Intel nao wana hoja, na sipendi zinavyopuuzwa. B450 inaishia PCIe 3.0, toleo la zamani la njia inayounganisha kadi ya picha na prosesa. Siku akitafuta kadi ya bei nafuu kama RX 6500 XT, ambayo ina njia nne tu za mawasiliano, itapungua kasi kwenye madabodi yake, wakati kwenye B660, madabodi ya upande wa Intel, ingefanya kazi kamili. Halafu ipo i5-12400 isiyo na herufi F, yenye uwezo wa kutoa picha yenyewe bila kadi. Kadi ikifa wiki ya mitihani, unachomeka waya kwenye madabodi unaendelea kuandika ripoti. Kwa mwanafunzi mwenye kompyuta moja, hilo ni jambo zito.

Hoja ya kwamba LGA1700 inakuachia nafasi ya kupanda kutoka kizazi cha 12, ambacho ndicho cha 12400F, hadi kizazi cha 14, hiyo naipokea kwa tahadhari. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba prosesa zao kubwa za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikipewa volteji kupita kiasi na nyingine zikaharibika. Walitoa marekebisho na kuongeza dhamana kwa miaka miwili, lakini i7 au i9 ya mtumba huwezi kujua ilitumikaje kabla ya hapo. Kizazi cha 12 hakimo kwenye tatizo hilo.

Tulipofungua keisi, feni ilikuwa imevaa vumbi jekundu kama la njia ya Makulu, na krimu ya prosesa, ile inayopitisha joto kutoka prosesa kwenda kwenye feni, imekauka. Hapa AM4 ina hatari yake. Pini ziko kwenye prosesa yenyewe, na ukivuta feni kwa nguvu prosesa inang'oka nayo kutoka kwenye soketi, pini zinapinda. Washa mashine dakika kumi krimu ilainike, zima, chomoa umeme, kisha zungusha feni kidogo kushoto na kulia kabla ya kuinua. Kwa LGA1700 pini ziko kwenye soketi, kwa hiyo anayenunua madabodi ya mtumba azimulike kwa tochi ya simu kabla ya kutoa hela.

Kwa kijana huyu nimesema 5600, bila kusita. Angekuwa anaanza na keisi tupu na bajeti ndogo, ningemwelekeza kwenye 12400 isiyo na F na madabodi ya DDR4. Mwenye hela zaidi aende AM5, soketi mpya ya AMD, akubali gharama ya DDR5, kwa sababu AMD wameahidi kuiendeleza soketi hiyo angalau hadi mwaka 2027.

Imebaki BIOS, programu ndogo ya kwenye madabodi inayoiwasha kompyuta. Madabodi yake ina toleo la zamani lisiloitambua 5600, kwa hiyo lazima isasishwe kabla Ryzen 3 haijatolewa. Umeme ukikatika katikati, madabodi inaweza isiwake tena. Flashi yenye toleo jipya ninayo tayari. UPS, betri ya akiba ya umeme, ataazima kwa mama mwenye stesheneri jirani na hosteli yao, Jumamosi asubuhi kabla hajafungua duka.