Kuingia kompyuta ya ndugu kwa mbali: ufunguo akae nao nani?

"Shikamoo mama. Bonyeza ile alama ya Windows, pale chini."

"Marahaba. Chini wapi, mwanangu? Hapa naona maandishi tu."

Aliyewahi kumtengenezea mzazi kompyuta kwa simu anayajua mazungumzo haya. Mama yangu mkubwa yuko Tanga, ni mwalimu mstaafu, na laptopu yake ndiyo inayotunza kumbukumbu za kikundi chao cha akina mama na picha za wajukuu. Mimi niko Dar es Salaam. Printa ikigoma au maandishi yakawa madogo ghafla, kazi ya dakika mbili inatuchukua saa nzima, vocha inakatika katikati, na tunaagana kila mmoja akiwa amemchosha mwenzake.

Ndipo mtu anapofikiria programu za kuingia kompyuta kwa mbali: unaiona skrini yake kwenye skrini yako, unasogeza kipanya chake, unamaliza. Wengi huuliza moja kwa moja ipi nzuri kati ya TeamViewer, AnyDesk, Chrome Remote Desktop, Quick Assist na RustDesk. Kwangu kuna swali linalotangulia hilo. Je, utaingia kila mara kwa ruhusa ya mwenye kompyuta aliyekaa mbele yake, au utaweka nywila ya kudumu uingie hata yeye akiwa amelala? Programu kadhaa zinaruhusu yote mawili, kwa hiyo ukichagua jina bila kujibu swali hili hujachagua kitu.

Wanaotetea nywila ya kudumu wana hoja nzito, na nimewahi kuwa upande wao. Mzee mwenye mtoto wa jicho hawezi kusoma namba ya ruhusa yenye tarakimu 12 kwenye skrini. Mwingine akiona dirisha lolote jipya anazima mashine kwa hofu. Kwa watu wa namna hii, kudai wabonyeze "ruhusu" kila mara ni kuwarudisha kwenye tatizo lile lile lililofanya waombe msaada. Tena masasisho makubwa yanakula bando, na ukiweza kuingia usiku wakati wa bando la bei nafuu unamfanyia kazi bila kumharibia siku. Anaamka, anakuta kompyuta iko sawa.

Lakini nywila hiyo inaishi. Inakaa kwenye kompyuta yako, kwenye simu yako, kwenye akaunti yako, na siku simu ikiibwa Kariakoo, mwizi ameokota na mlango wa nyumba ya Tanga. Kampuni zinazopitisha mawasiliano hayo nazo hulengwa. Mwezi Februari 2024 AnyDesk, kampuni ya Ujerumani, ilitangaza kwamba mifumo yake ilivamiwa, ikalazimika kubadilisha vyeti vyake vya kidijitali, vile vinavyothibitisha kwamba programu ni yake kweli, na kufuta nywila za wateja kwenye tovuti yao. Juni mwaka huo huo TeamViewer, nayo ya Ujerumani, ikatangaza kwamba mtandao wake wa ndani wa ofisi uliingiliwa. Zote mbili zilisema hazikuona ushahidi kwamba kompyuta za wateja ziliguswa, na sina sababu ya kuwabishia. Ninachopima mimi ni kile kinachobaki wazi siku mambo yakiharibika kule juu. Kama mlitumia namba ya ruhusa ya mara moja tu na mkafunga programu, hakuna kilichobaki. Kama kuna nywila ya kudumu, kompyuta ya mama mkubwa inasubiri.

Kuna na jambo lisiloandikwa kwenye maelezo ya programu yoyote: shutuma ndani ya ukoo. Siku hela ikipotea, au barua ya mirathi ikionekana mikononi mwa mtu asiyetarajiwa, wa kwanza kutajwa ni yule mwenye uwezo wa kuingia kompyuta ya mzee. Hata kama hukufanya lolote, utajisafisha kwa nini? Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia mfumo wa kompyuta bila idhini, lakini huko ni mbali. Karibu zaidi ni baraza la familia, shangazi wameketi, na wewe unaeleza kwamba ulikuwa na ufunguo ila hukuutumia. Anayepewa nywila ya kudumu anadhani amepewa heshima, kumbe amebebeshwa na mzigo.

Na mwenye kompyuta naye ana hadhi yake. Mara ya kwanza nilipochukua kipanya cha mama mkubwa alinyamaza kabisa kwenye simu, kisha akasema, "Kinatembea chenyewe." Hakufurahi. Tangu hapo huwa namwambia kila ninachogusa kabla sijakigusa, na dirisha la picha zake silifungui hata kama lingenirahisishia kazi.

Kwa hiyo kwa ndugu wengi nashikilia njia ya ruhusa kila mara. Hapo sasa ndipo jina la programu linapopata maana.

Chrome Remote Desktop ya Google humpa mwenye kompyuta namba ya tarakimu 12, naye akakusomea. Inatumika mara moja, muda wake ni dakika 5, na kikao kikiendelea anaulizwa kila baada ya dakika 30 kama bado anakubali. Ni utaratibu mzuri. Kasoro yake naiona kwingine: tunamfundisha mama kumsomea namba mtu aliye kwenye simu. Miaka yote tumemwambia namba ya siri ya pesa za simu haisomewi mtu, anayedai amepiga kutoka kampuni ya simu ni tapeli, kata. Kisha sisi wenyewe tunampigia na kusema, nisomee hizo namba. Sauti ya tapeli nayo ina adabu, na inajua kuamkia.

Quick Assist, inayopatikana bure kwa Windows 10 na 11, imegeuza mwelekeo. Anayesaidia ndiye anayetoa namba, baada ya kuingia kwa akaunti yake ya Microsoft. Anayesaidiwa anabonyeza Ctrl, Windows na Q kwa pamoja, anaiandika, kisha anakubali kuonyesha skrini. Ukitaka kushika kipanya unaomba, naye anakubali kwa mara ya pili. Mama hasomi chochote kwa mtu. Kinachochosha ni kwamba Windows ikiuliza ruhusa ya kusakinisha kitu, wewe unaona skrini nyeusi na yeye ndiye wa kubonyeza "Yes". Nimekuja kuipenda hata kasoro hiyo, maana inamweka yeye kwenye kiti cha mwenye nyumba.

Je, inamlinda na matapeli? Kwa sehemu tu. Mei 2024 Microsoft wenyewe walieleza kundi walilolipa jina Storm-1811, lililokuwa likijaza sanduku la barua pepe la mtu kwa takataka, kisha linampigia simu kama fundi wa kampuni na kumwomba afungue Quick Assist aandike namba. Kuhusu AnyDesk, Benki Kuu ya India iliwaonya mabenki kuanzia Februari 2019 kwamba watu walikuwa wakishawishiwa kuiweka kwenye simu na kuibiwa fedha. Zana zote zimetumika vibaya, na kinga iko nje ya zana: anayeomba msaada ndiye apige simu, kwa namba aliyonayo yeye. Nikimpigia mimi kwanza, hata akiitambua sauti yangu, tumekubaliana akate na anipigie. Sheria hii inafanya kazi na programu yoyote.

TeamViewer na AnyDesk bado zina nafasi. AnyDesk ni faili dogo lisilohitaji kusakinishwa, na mtandao ukiwa mzito unaweza kupunguza ubora wa picha ili mambo yasogee, jambo lisilo dogo kwa mtu anayetumia bando la simu. Ila zote mbili ni bure kwa matumizi binafsi tu. Mjomba wangu ana steshenari Korogwe. Namsaidia bila malipo, lakini kompyuta ile ni ya biashara. TeamViewer ikihisi biashara hukata kikao, na kwa haki yao, maana hiyo ndiyo bidhaa wanayouza. Wenye duka wajue hilo kabla mteja hajasimama mbele yao akisubiri kuchapishiwa fomu.

RustDesk ni ya chanzo huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na unaweza kuweka seva yako mwenyewe, mawasiliano yasipite kwa kampuni yoyote. Kwa mtu wa kompyuta ni kishawishi kikubwa. Lakini seva inataka masasisho, inataka kulipiwa, inataka mtu wa kuiwasha, na ndugu wote watakuwa wanategemea mtu mmoja. Ile ya kuifungulia intaneti moja kwa moja Remote Desktop, njia ya Windows yenyewe ya kuingia kompyuta kwa mbali, niiseme kwa sentensi moja: usiifanye. Ndiyo njia wanayoipenda wanaofunga mafaili ya watu na kudai fidia.

Mara nyingi pia hakuna haja ya kushika chochote. Tangu Agosti 2023 WhatsApp inaruhusu kuonyesha skrini wakati wa simu ya video, na hata bila hiyo, mama akielekeza kamera ya simu kwenye laptopu nakiona kile anachoshindwa kunieleza. Yeye anabonyeza, mimi natazama. Nusu ya matatizo yetu yanaishia hapo. Tahadhari ni moja: akionyesha skrini ya simu, ujumbe wowote unaoingia naonyeshwa na mimi, pamoja na namba za benki. Ndiyo maana simu yenye pesa siiombi kabisa, achilia mbali kuiingia kwa mbali.

Mjomba ndiye hatujakubaliana. Anataka nywila ya kudumu, kwa sababu duka linafunguliwa saa moja asubuhi na mimi huwa kwenye daladala. Nimemwambia inawezekana kwa masharti: alipie leseni ya biashara, akaunti ifungwe kwa uthibitisho wa hatua mbili, kompyuta hiyo isifanye miamala ya benki, na kijana wake wa dukani ajue siku na saa ninayoingia. Sharti la benki ndilo linalomkwaza, maana kompyuta ni moja tu. Hapo tumekwama, na mpaka apate ya pili tunaendelea na Quick Assist.