Anafua Göteborg, Tanga hanyanyui sahani

Julai iliyopita, kabla hatujasafiri kwenda Tanga kuwasalimu wazee, nguo zote za safari alizifua mume wangu. Majengo mengi ya hapa Göteborg, Sweden, yana chumba cha kufulia huko chini kabisa, wapangaji wote wanakitumia. Unachagua siku na saa zako, na zikiisha uwe umeshatoa nguo, maana jirani yuko mlangoni na kapu lake. Zamu yetu ni Jumapili asubuhi, na ni ya mume wangu. Ndiye anayejua sabuni imebaki kiasi gani na soksi za nani zimetoboka. Mimi nina miaka sijawahi kuwaza habari ya sabuni.

Siku tatu baadaye mwanaume huyohuyo alikuwa barazani kwa wazazi wake, anasubiri apelekewe maji ya kuoga bafuni. Sisemi alipenda. Siku ya kwanza alinyanyuka kukusanya sahani, shangazi yake akamnyang'anya: "Kaa baba, umetoka safari." Akakaa. Akakaa wiki nne.

Lakini aliyeniumiza roho si yeye. Kijana wetu ana miaka 13. Shule za Sweden zina somo la mapishi na matunzo ya nyumba, na wavulana wanalisoma kwa lazima sawasawa na wasichana, wanapewa na alama. Kwa hiyo huyu mtoto anajua kuoka mkate na kusafisha jiko alilolichafua. Jioni ya pili aliingia jikoni akamkuta mdogo wake wa miaka 8 anafundishwa kukuna nazi, akaomba mbuzi naye ajaribu. Bibi yake akamwambia kwa mapenzi kabisa: "Mume wangu, toka huku kuna moshi, nenda kakae na wenzio." Akatoka. Binti yangu akabaki na moshi.

Nikiwasimulia ndugu zangu hutoa jibu moja: huko Ulaya wanawake wamewakalia wanaume. Si kweli, na nataka nilieleze hili vizuri kwa sababu naishi ndani yake. Wanaume wa Sweden hawakuzaliwa na ufagio mkononi. Mwaka 1974 nchi hii iliondoa likizo ya uzazi ya mama peke yake ikaweka likizo ya wazazi wote wawili, wagawane wenyewe. Wakagawanaje? Akina mama wakachukua karibu siku zote. Mambo yalianza kusogea pale serikali ilipotenga siku za baba ambazo hawezi kumpa mama: mwezi mmoja mwaka 1995, miwili mwaka 2002, na tangu 2016 siku 90 kwa kila mzazi, kati ya siku 480 za mtoto mmoja. Baba asipozichukua zinapotea. Na hata hivyo, mpaka leo akina mama ndio wanaotumia takribani asilimia 70 ya siku zote. Kazi haijaisha.

Sasa linganisha na kwetu. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama siku 84, zikiwa 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapewa siku 3. Kwa siku tatu mtu atajifunza nini? Mume wangu alibaki peke yake na binti yetu kwa miezi mitano mimi nilipokuwa nimerudi kazini, na hapo ndipo alipokuwa baba wa nyumba. Hakuwa na mama yake wala shangazi wa kumpokea mtoto akilia. Alijifunza kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine.

Ndiyo maana neno "kumsaidia mke" silipendi. Anayesaidia husubiri kuambiwa. Atafagia ukimwomba, ataenda sokoni ukimwandikia, lakini kichwa kinachokumbuka kwamba unga umekwisha, mtoto ana chanjo Alhamisi na mgeni anakuja Jumamosi kinabaki kuwa kimoja. Kugawana kazi ni kumkabidhi mtu kazi nzima pamoja na mawazo yake. Ukimkabidhi, usimsimamie nyuma. Hilo nalo lilinichukua muda, kwa kuwa nililelewa kuamini nyumba isiyong'aa ni aibu ya mwanamke.

Kuna jambo jingine la nyumbani tunalolipita kimyakimya. Familia nyingi za mjini zitakwambia hazina ugomvi wa kazi, na ni kweli, kwa sababu kazi zote zimetupwa kwa dada wa kazi. Binti ametolewa kijijini, anaamka kabla ya adhana ya alfajiri, analala wa mwisho. Mimi nilipofika huku nilianza kwa kusafisha nyumba za watu. Tangu mwaka 2007 serikali ya huku inamrudishia mwenye nyumba sehemu ya gharama za usafi kupitia kodi yake, mradi amtumie mtu au kampuni inayolipa kodi. Nilikuwa na mkataba, saa zangu zilijulikana, jioni nilikuwa kwangu. Kila nikimwona dada wa kazi wa jirani wa wakwe zangu akideki saa nne za usiku, nakumbuka kwamba kazi ni ileile niliyoifanya mimi.

Wala asiniambie mtu kwamba mwanaume kuingia jikoni si mila yetu. Pilau ya harusi pwani nani anaipika, masufuria yale makubwa nyuma ya nyumba? Wanaume. Jahazini nani anapika? Na tulipokuwa wadogo kwetu Korogwe, kuchota maji na kuosha vyombo vilikwenda kwa zamu, wa kike na wa kiume, mpaka kaka zangu walipobaleghe wakaondolewa kwenye zamu bila neno lolote kusemwa. Sheria nazo zimeshaiona kazi ya ndani: mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Miaka zaidi ya arobaini, na bado tunasema mama wa nyumbani "hafanyi kazi".

Usiku mmoja kabla ya kurudi nilikaa na mama mkwe, tunachambua mchele wa kesho, nikamweleza haya yote kwa adabu. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Babu yao alikuwa baharia, mwanangu. Chomboni akipika, akifua, akishona matanga. Akishuka pwani anauliza chai iko wapi."

Sijui kama nilimshawishi. Asubuhi alimwita mjukuu wake akamkalisha kwenye mbuzi, akamwonyesha namna ya kuuzungusha mkono ili asikune mpaka kifuu. Akanigeukia akaniambia kukuna nazi sawa, kufua nguo zake mwenyewe sawa, ila sahani za wageni asizioshe mbele ya watu, si mwaka huu.

Nimemjibu, "Haya, mama." Tutarudi Desemba mwakani, na mume wangu ameahidi kwamba safari hiyo shangazi akisema kaa, hatakaa.