Chungu wanajua njia, lakini sisi tuna njia ngapi?

Aliyewahi kupanda mkarafuu Pemba anawajua majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa nyumba na kumng'ata mchumaji mpaka ashuke kabla ya pishi kujaa. Miaka ya 1950 mtafiti Way aliwachunguza hapa visiwani. Kwenye minazi alikuta wanatusaidia, maana humfukuza mdudu anayefyonza nazi changa zikadondoka. Kwenye mikarafuu, chungu hao hao huwafuga wadudu magamba wanaoufyonza mti na kuwalinda, kwa sababu ya utamu wanaoutoa. Faida tunaipata pale tu inapokutana na yao.

Nawataja kwa sababu siku hizi wahandisi wanataka mitandao ya mawasiliano iige viumbe: ijipange yenyewe, ijitibu inapoumia, imjue mtumiaji na kumpa anachohitaji kabla hajaomba.

Wazo lenyewe si la jana. Mtafiti Deneubourg na wenzake, Brussels, Ubelgiji, waliwawekea chungu madaraja mawili ya kufikia chakula, fupi na refu. Wanaopita pafupi hurudi mapema, harufu wanayoiacha njiani huzidi upande ule, na punde kundi zima linahamia huko bila mkubwa wa kuwaamrisha. Mwaka 1992 mtafiti wa kompyuta Marco Dorigo aliigeuza tabia hiyo kuwa kanuni ya kompyuta. Mwaka 1998 yeye na mwenzake Di Caro wakaipeleka kwenye mitandao: vifurushi vidogo vya data vinatumwa kuzurura, vinapima muda wa safari, na kila kituo kinaweka alama ya njia iliyo nyepesi wakati huo.

Kwetu naiona faida yake. Kuta za mawe za Mji Mkongwe humeza mawimbi, ukiingia kichochoro kimoja simu inakuwa pambo. Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa, kijiji kinapokea umati kwa siku moja halafu kinabaki na wenyewe. Vifaa vinavyopokezana mzigo kama chungu, vikiongezeka watu vinatawanya, wakiondoka vinatulia, vingefaa kuliko mitambo iliyopangwa mara moja na fundi aliyekwisha rudi zake.

Ila jaribio la Brussels lina upande wa pili, nao husimuliwa kwa nadra. Chungu walipopewa kwanza daraja refu peke yake, na lile fupi likawekwa baadaye, wengi waling'ang'ania refu. Harufu ilikuwa imeshakolea. Kwenye kompyuta, ambako harufu ni zile alama za njia, dawa yake ni kuifanya ififie haraka, lakini ikififia mno mtandao unasahau hata kilicho chema. Kuna mtu lazima aamue kiasi, kwa hiyo huko "kujipanga wenyewe" kuna mkono wa mtu ndani yake.

Kubwa zaidi ni hili. Chungu huchagua kati ya njia zilizopo. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya intaneti ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika karibu na Afrika Kusini, na Tanzania nzima ikahangaika. Unguja tunakumbuka pia umeme: Desemba 2009 hadi Machi 2010 tulikaa gizani kwa sababu ya hitilafu ya laini ya baharini iliyotoka bara. Akili gani ya chungu ingetuvusha mkondo siku zile? Kwa kisiwa, fedha ya kwanza nadhani iende kwenye njia ya pili, hata kama ni ya kizamani na haina akili yoyote.

Halafu kuna huko kumjua mtumiaji. Mtandao hauwezi kukutangulia bila kukukumbuka: uko wapi, saa ngapi, unatafuta nini. Kwenye mtaa ambao jirani anajua umepika nini kwa harufu, kumbukumbu hiyo ikivuja si jambo dogo. Mimi ningekubali vifaa vigawane mzigo wa njia, lakini tabia za mtu zibaki ndani ya simu yake.

Na fundi asisahauliwe. Njia iliyowekwa kwa mkono ina maandishi, unaweza kuyafungua na kuyasoma. Njia iliyochaguliwa na maelfu ya vifurushi vinavyozurura haina aliyeiandika. Laini ya hospitali Wete ikikata saa nane usiku, daktari wa zamu atampigia nani, na huyo atakayepokea atatazama wapi?