Tatizo ni Filta

Mimi ni mkuu wa kitengo cha uzoefu wa mtumiaji katika kampuni ya programu, yaani kazi yetu ni kuhakikisha programu haimsumbui anayeitumia. Ndugu zangu walishakata tamaa ya kukielewa cheo hiki, wakiulizwa hujibu tu, "Anashughulika na makompyuta." Siwalaumu. Don Norman, mtafiti wa saikolojia na ubunifu, alipoingia Apple mwaka 1993 alikuwa na maneno "uzoefu wa mtumiaji" kwenye cheo chake, na mpaka leo sisi tuliomfuata tunajieleza kama washtakiwa. Unaanza kwa kuchora vitufe. Ukivichora vizuri unapandishwa cheo, na ukishapanda huchori tena. Unakaa kwenye vikao vya kujadili vitufe.

Siku hiyo mkurugenzi mkuu alikubali, baada ya kubembelezwa sana, kuja kushuhudia majaribio ya programu yetu ya kulipia bili. Tulikaa naye nyuma ya kile kioo cha upande mmoja: unamwona mtumiaji, yeye hakuoni. Tulikuwa tumealika watu 5 tu, kwa kuwa Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa kutumia programu, aliandika mwaka 2000 kwamba hao wanatosha kufichua karibu asilimia 85 ya matatizo. Wakurugenzi wanampenda Nielsen kuliko wanavyotupenda sisi. Tano ni namba ya bei nafuu.

Wanne walipita salama, isipokuwa kiyoyozi kilikuwa kinakoroma bila kutoa baridi na sote tulilowa jasho. Wa tano akaingia amevaa ovaroli, mkononi mkoba mzito wa chuma. Hakuna aliyeshangaa, tuliomba watu wa kazi mbalimbali.

Msimamizi wa majaribio alikuwa kijana mpya, mafunzo yamemkaa kichwani kama kiapo. Kanuni ya kwanza, mtumiaji awaze kwa sauti, mbinu ambayo mtafiti Clayton Lewis wa kampuni ya kompyuta ya IBM aliieleza mwaka 1982. Ya pili, akikuuliza swali usimjibu, mrudishie mwenyewe.

"Karibu sana," kijana akasema. "Hatukupimi wewe, tunapima mfumo. Lolote linalokujia, liseme."

"Humu ndani kuna joto."

Kijana akaandika. Mkurugenzi akaninong'oneza, "Ana msongo huyu?"

"Mashine yenyewe iko wapi?" yule bwana akauliza.

"Wewe ungetarajia kuikuta wapi?"

"Mimi? Si nyie mlioniita?"

"Usijali, hakuna jibu baya."

Bwana akamtazama kijana, akautazama mlango, akamtazama tena kijana. "Mdogo wangu, uko sawa kweli?"

"Swali zuri. Wewe unaonaje?"

Kijana akamsogezea simu yenye programu yetu. Bwana akaisukuma pembeni kwa kidole kimoja, hata kuiangalia hakuiangalia.

"Kwa maoni yako, tatizo liko wapi?"

"Filta. Siku zote ni filta. Maofisi yote mko hivyo hivyo, mnarundika uchafu mpaka hewa haipiti, halafu mnashangaa. Itoeni hiyo."

Nyuma ya kioo tukanyamaza. Lazima ujue kwamba programu yetu ilikuwa na filta ya kuchambua bili, yenye machaguo mengi kuliko bili zenyewe. Timu yangu nzima iliichukia. Haikutoka kwa sababu aliyeibuni ni mkurugenzi mkuu.

"Hewa haipiti," mkurugenzi akarudia polepole. "Anasema kwa mafumbo, lakini anajua."

Papo hapo koromo la kiyoyozi likakatika. Kimya.

"Umesikia?" bwana akasema, akichukua mkoba wake. "Imekufa."

Hapo damu ikanisimama. Nikatoka mbio hadi mapokezi. Dada wa mapokezi akanieleza bila wasiwasi wowote: walifika watu wawili kwa pamoja, kila mmoja akasema ameitwa kuangalia mfumo. Yeye akawagawa.

Mtumiaji wetu wa tano, mwalimu mstaafu, nilimkuta chumba cha mitambo. Amekaa kwenye kiti mbele ya paneli ya kiyoyozi, miwani puani, anawaza kwa sauti peke yake, kama barua yetu ya mwaliko ilivyomwelekeza.

"Naona kitufe chekundu," alikuwa anasema. "Hakina maelezo. Nilitarajia kinirudishe mwanzo. Nimekibonyeza, na sasa kila kitu kimenyamaza, jambo lililonitia hofu kidogo."

Katika miaka yangu yote ya kazi hii sijapata kusikia mtumiaji aliyejieleza vizuri namna ile. Alikuwa amejaza hata fomu ya fundi. Kwenye nafasi ya "kazi iliyofanyika" aliandika kwa mwandiko wa ubaoni: *Lugha ngumu, vitufe vimebanana. 3/10. Ajitahidi.*

Niliporudi, mkurugenzi alikuwa amesimama, tai ameilegeza, uso unang'aa kwa jasho na furaha. Fundi alishaondoka na bahasha yetu ya shukrani.

"Filta inatoka," akatangaza. "Mmeniletea michoro wee, na huyu bwana hakuigusa hata simu, akaona. Anarudi lini?"

Nikamtazama kijana wetu. Kijana akatazama chini.

"Alhamisi," nikasema. "Anakuja na filta mpya."

"Mnaona?" mkurugenzi akawageukia wenzangu. "Mwenzenu anakosoa, na mbadala anauleta!"