Nitajie tarehe, usinipigie makofi

Kuna watu ukiwatajia tarehe yako ya kuzaliwa, kabla hujafunga mdomo wameshakujibu: Jumanne. Baadhi yao ni rafiki zangu, watu wazima wenye usonji (autism) kama mimi, na tunaweza kukesha tukiandikiana kuhusu tarehe na vitabu vya maisha ya watu. Mimi si mwepesi kiasi hicho. Nahesabu kwa kanuni niliyojifunza, mara nyingine kwa vidole, na wenzangu hunisubiri bila kulalamika. Lakini nina neno la kusema, maana jambo hili likitoka nje ya mduara wetu hugeuzwa ama sarakasi ama dalili ya ugonjwa, na sisi tunaolifanya tunajua ni mazungumzo.

Sarakasi kwanza, nimalizane nayo upesi. Tangu filamu ya Rain Man, yenye mhusika mwenye usonji na kipaji cha namba, itoke mwaka 1988, ukisema una usonji swali linalofuata huwa, "Wewe kipaji chako nini?" Wengi wetu hatuna kipaji cha namna hiyo, na wapo miongoni mwetu ambao hesabu huwatoa jasho. Hata Kim Peek, Mmarekani aliyekuwa chimbuko la mhusika wa filamu ile, aliyezaliwa 11 Novemba 1951 (Jumapili, msihangaike), wataalamu walikuja kuona kwamba hali yake haikuwa usonji. Ubongo wake ulizaliwa bila ule mkanda wa nyuzi unaounganisha nusu ya kulia na ya kushoto. Basi mfano unaotumiwa kutupima wote ni wa mtu ambaye huenda hakuwa mwenzetu kabisa.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Mwaka wa kawaida una siku 365, yaani majuma 52 na siku moja ya ziada. Hiyo siku moja ndiyo inayosukuma kila kitu: tarehe iliyoangukia Jumatatu mwaka huu itaangukia Jumanne mwakani, na 29 Februari ikipita katikati, itaruka mpaka Jumatano. Baada ya miaka 28 mzunguko unarudi palepale, ilimradi haukukutana na mwaka wa karne kama 1900, ambao ulikuwa na haki ya kuwa mrefu, wa siku 366, ukanyimwa, kwa kuwa mwaka wa karne huwa mrefu tu ukigawanyika kwa 400. Ndiyo sababu 2000 ulipata 29 Februari yake na 2100 hautaipata. Miaka 400 ina siku 146,097, ambazo ni majuma 20,871 kamili bila salio, hivyo kalenda nzima inaanza upya siku ileile. Na ukitazama vizuri, kalenda zinazowezekana ni 14 tu: saba za mwaka wa kawaida na saba za mwaka mrefu.

Njia ninayoitumia ilibuniwa na mwanahisabati John Conway mwaka 1973. Ndani ya mwaka wowote ule, 4 Aprili, 6 Juni, 8 Agosti, 10 Oktoba na 12 Desemba huangukia siku moja ya juma. Ongeza 9 Mei, 5 Septemba, 11 Julai na 7 Novemba, nazo zimo humohumo. Kwa mwaka 2026 zote hizo ni Jumamosi. Ukishaijua siku hiyo, kilichobaki ni kuhesabu kwenda mbele au kurudi nyuma, na mtu yeyote mwenye subira anaweza.

Rafiki zangu wepesi hawakumsoma Conway. Walikaa na kalenda utotoni, wakaitazama, wakairudia, mpaka ikawaingia kama lugha ya mama inavyomwingia mtoto bila sarufi. Uliza wanafanyaje, wengi watakujibu, "Naiona tu." Lakini Beate Hermelin na Neil O'Connor, watafiti waliofanya kazi London, walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba watu wa namna hii hutumia kanuni na mpangilio wa kalenda, hawategemei kukariri peke yake. Napenda matokeo hayo kwa sababu yanatuondoa kwenye banda la maonyesho. Mtu aliyegundua mwenyewe, bila mwalimu, kwamba kalenda hujirudia kila baada ya miaka 28, amefikiri. Tungesema hivyo kama angeligundua darasani.

Ukitaka kuona watu wa kalenda wakigombana, taja siku ya zamani bila kutaja nchi. Papa Gregori XIII alipoirekebisha kalenda mwaka 1582, Alhamisi 4 Oktoba ilifuatwa na Ijumaa 15 Oktoba katika nchi zilizomfuata mara moja. Uingereza iligoma hadi 1752: watu wakalala Jumatano 2 Septemba, wakaamka Alhamisi 14 Septemba. Urusi ilingoja mpaka 1918, ndiyo maana Mapinduzi ya Oktoba huangukia Novemba kwa kalenda yetu. Shakespeare na Cervantes huandikwa kwamba walifariki tarehe moja, 23 Aprili 1616, ilhali Uingereza ilikuwa bado kwenye kalenda ya zamani na Hispania kwenye mpya, kwa hiyo kati ya siku hizo mbili kuna siku kumi nzima. Kwa hili tu tulichati mpaka alfajiri, na sikujuta.

Sasa vitabu. Tawasifu za watu wenye usonji si chache tena. Temple Grandin alitoa yake mwaka 1986, Donna Williams akafuata 1992, na mwaka 2006 Daniel Tammet akatoa Born on a Blue Day, kitabu ambacho jina lake limetokana na siku: alizaliwa 31 Januari 1979, Jumatano, na kwake Jumatano ni rangi ya buluu. Msomaji wa kawaida huona hapo kioja cha rangi. Sisi tulianza na tarehe, tukahakikisha kwamba ilikuwa Jumatano kweli, ndipo tukaendelea kusoma kwa amani.

Mtu atasema huo ni ukorofi. Mwandishi anafungua moyo wake, ninyi mnakagua kalenda! Hebu tuchukue mfano wa kubuni. Mwandishi anasema kwamba Jumapili 15 Juni 1994 walikuwa wanatoka kanisani baba yake alipoanguka. Nahesabu: 6 Juni mwaka ule ilikuwa Jumatatu, 13 pia Jumatatu, basi 15 ni Jumatano. Msomaji mwenye hila angesema kitabu kina uongo. Wenzangu hawaendi huko. Wanauliza: 15 Juni ilikuwa Jumapili miaka ipi ya karibu na hapo? Jibu ni 1975, 1980, 1986, 1997 na 2003. Halafu wanarudi kwenye sura za nyuma kutafuta mwandishi alikuwa darasa la ngapi, dada yake alikuwa ameolewa au bado, na taratibu mwaka 1997 unaanza kuelea juu. Kanisa lilikuwa kweli. Kuanguka kulikuwa kweli. Namba ya mwaka ndiyo iliyoteleza. Ni wasomaji wangapi wengine wamekisoma kitabu hicho kwa makini namna hiyo? Mimi kama mwandishi ningeomba wasomaji wakorofi wa aina hii.

Na sisi tunapoandika yetu, tarehe zinajaa. Wengine huandika "siku moja nilipokuwa mdogo". Sisi tunaandika "Jumanne 12 Mei 1987". Dada mmoja katika mduara wetu anaandika kitabu chake, na mhariri amemshauri apunguze tarehe kwa sababu zinaleta ubaridi. Palipoandikwa siku aliyofiwa na mama yake, mhariri alipendekeza "asubuhi moja". Dada akamuuliza kwa maandishi, "Asubuhi ipi?" Hakuwa anafanya kejeli, alitaka kujua. Kwake tarehe ile ndiyo jeneza lenyewe. Ukiitoa, sijui kinachobaki kinamzika nani. Nadhani mhariri yule amejifunza kutafuta majonzi kwenye vivumishi, na akikuta sentensi haina hata kimoja anadhani mwandishi hana majonzi.

Ndipo nafika kwa wale pacha. Oliver Sacks, daktari wa mishipa ya fahamu, alikutana nao mwaka 1966, wakiwa na umri wa miaka 26 na wameishi katika taasisi tangu wakiwa na miaka saba. Habari zao zimo katika kitabu chake cha mwaka 1985. Walikuwa maarufu kwa kalenda. Ukiwatajia tarehe yoyote ya maisha yao baada ya utoto wa mapema, walikuambia hali ya hewa ilikuwaje, nini kilitokea duniani na nini kiliwapata wao. Siku moja Sacks aliwakuta wamekaa pembeni wakipeana namba za tarakimu sita: mmoja anataja, mwenziwe anaipokea, anaionja, anatabasamu, anarudisha yake. Anasema zilikuwa namba tasa. Wapo wasomi walioitilia shaka sehemu hiyo ya hesabu, nami siwezi kuitetea wala sina haja. Tabasamu linanitosha.

Mwaka 1977 wakatenganishwa. Ilisemwa ni kwa faida yao, ili mawasiliano yao wawili, yaliyoonekana kuwa hayana afya, yakomeshwe, nao waweze kuikabili dunia kwa namna inayokubalika. Kila mmoja akapelekwa mahali pake, akapewa kazi ndogondogo chini ya uangalizi, akajifunza kupanda basi. Sacks anaandika kwamba uwezo wao wa namba ulipotea, na pamoja nao furaha ya maisha yao.

Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi na bado inanikasirisha. Wenye mamlaka walisikia watu wawili wakizungumza, wakaamua kwamba hayo si mazungumzo kwa kuwa wao hawakuyaelewa. Kujua kupanda basi ni jambo jema, sikatai. Lakini nani alisema lazima mtu alipie nauli yake kwa kumtoa ndugu yake?

Tuseme pia kwamba si kila mahali palikuwa hivyo. Donald Triplett, mtoto wa kwanza kati ya 11 ambao habari zao Leo Kanner, daktari wa magonjwa ya akili wa watoto, alizieleza mwaka 1943 katika makala yake maarufu kuhusu hali hii, aliishi mji mdogo wa Forest, Mississippi, mpaka alipofariki Juni 2023. Alikuwa na desturi ya kuwapa watu namba. Ukishapewa yako ni yako, na ukikutana naye baada ya miaka mingi anakuita kwayo. Watu wa mji wake walizikumbuka namba zao. Hakuna aliyeona haja ya kumtibu kwa hilo.

Utafiti nao umeanza kusema tuliyoyajua sebuleni. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana kati yetu na wengine ni kwa pande zote mbili. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake walichapisha jaribio ambamo hadithi ilipitishwa kutoka mtu hadi mtu, watu wanane kwa mstari. Mstari wa wenye usonji peke yao uliifikisha hadithi sawa na mstari wa wasio na usonji. Palipochanganywa ndipo hadithi ilipomwagika zaidi njiani. Nilipowapelekea wenzangu habari hii, mmoja alijibu kwa kuuliza makala ilichapishwa tarehe ngapi.

Najua kuna pingamizi la simu: programu ndogo tu itakupa siku ya tarehe yoyote kwa kugusa kidole. Kweli. Nayo ni sahihi kuliko mimi. Ila nikimwandikia rafiki yangu "3 Oktoba 1993", hanijibu "Jumapili" akaishia hapo. Anajibu, "Jumapili, mvua, kaka yangu alivunja redio," kisha anasubiri zamu yangu, na lazima niwe na kitu cha kumpa.

Pingamizi lenye uzito linatoka kwetu wenyewe. Wapo watu wazima wenye usonji wasiotaka kusikia neno kalenda. Wanasema kila makala ya namna hii inarudisha ile sura ya mtu wa ajabu anayejua siku zote na hajui kufunga kamba za viatu, halafu mwajiri anayesoma anatarajia kioja kwenye usaili. Siwezi kuwaambia wanakosea. Rafiki yangu mmoja ni wa upande huo kabisa. Utotoni wageni walikuwa wakijipanga sebuleni kumjaribu kwa tarehe zao za kuzaliwa, na mtu mzima sasa hataki kuulizwa tena hata moja. Basi simuulizi. Na yeye tunaongea habari za mifereji ya maji taka, na kwa hilo anaweza kukesha kuliko sisi wote.