Mizizi Yenye Njaa na Mfuko wa DAP

Kila Agosti, viwanja vya Nane Nane vya John Mwakangale jijini Mbeya hugeuka kisiwa cha kijani katikati ya kiangazi. Nje ya uzio mashamba yamebaki mabua na vumbi. Ndani, vipando vya mahindi vimesimama kama gwaride, maharage yamefunika matuta, na mkulima aliyetoka Umalila au Ileje husimama mbele ya kibao chenye jina la mbegu akijiuliza kama aichukue au aiache. Vipando hivyo vimemwagiliwa na kulishwa kwa kipimo, mbolea ya kupandia na ya kukuzia. Hilo si kosa, kwani hakuna anayemkaribisha mgeni kwa chungu kitupu. Hata hivyo, mmea ulioshiba hausemi utafanya nini siku ukikosa, na mkulima huyo anakwenda kuupanda mahali ambapo mara nyingi utakosa.

Mjadala wa rutuba katika Nyanda za Juu Kusini una pande mbili, na kila upande huusingizia mwenzake maneno ambayo haukuyasema. Upande wa kwanza, wenye nguvu zaidi katika sera tangu ruzuku ya mbolea iliporejeshwa msimu wa 2022/23 baada ya bei kupaa, unasema ardhi imechoka na dawa yake ni kuirudishia kilichoondolewa. Upande wa pili unataka tutafute, miongoni mwa mbegu za kienyeji na za kisasa, zile ambazo mizizi yake inajua kuhangaika. Wa kwanza huwaona wa pili kuwa wanamfariji maskini kwa umaskini wake; wa pili huwaona wa kwanza kuwa wapiga debe wa wauza mifuko. Nakiri mapema kwamba kwa maoni yangu hoja ya mizizi haijasikilizwa inavyostahili, na haijasikilizwa hasa kwa sababu inadhaniwa kusema kwamba mmea unaweza kuishi bila chakula. Haisemi hivyo.

Inachosema kinaeleweka vizuri zaidi tukianza na fosforasi, kirutubisho ambacho kikipungua mahindi machanga hupata rangi ya zambarau kwenye majani. Udongo wa Rungwe na wa milima ya Uporoto umetokana na majivu ya volkano, na una tabia ya kuikamata fosforasi na kuishikilia. Udongo mwekundu wa Mufindi na Kilolo, wenye uchachu pamoja na chuma na aluminiamu nyingi, hufanya vivyo hivyo kwa njia yake. Kwa hiyo shamba linaloitwa limechoka linaweza kuwa na mamia ya kilo za fosforasi kwa hekta katika tabaka la juu, huku kiasi kilichoyeyuka ndani ya maji ya udongo, ambacho ndicho mzizi unaweza kukinywa, kikiwa kidogo mno. Neno “kuchoka” hapo linapotosha, kwa maana ghala halijaisha akiba bali limefungwa. Tena fosfeti, yaani fosforasi katika umbo ambalo mzizi huinywa, ni nzito kutembea: haiufuati mzizi, mzizi ndio unaoifuata, na ukishamaliza ile iliyo milimita chache kutoka ulipo, sharti usogee au ukae na njaa.

Hapo ndipo mzizi unapoonyesha ufundi wake. Mmea uliokosa fosforasi hupunguza kasi ya kukuza majani na kupeleka sehemu kubwa zaidi ya sukari yake chini. Vinyweleo vya mizizi, vile vinavyoonekana kama ukungu mweupe ukiung’oa mche kwa uangalifu, hurefuka na kuongezeka, na kwa kuwa ni vyembamba sana, mmea hupata eneo kubwa la kunyonyea kwa gharama ndogo. Mizizi mingine hutoa asidi zinazoing’oa fosforasi kwenye chuma na aluminiamu, pamoja na vimeng’enya vinavyoikata kutoka kwenye mabaki ya mimea. Mahindi hufanya jambo la ajabu zaidi: baadhi ya chembe za ndani ya mzizi hufa na kuacha mianya ya hewa, ili mzizi uzidi kurefuka bila kuwa na chembe nyingi za kulishwa. Aliyezoea kudhani kwamba mzizi mzuri ni mzizi mnene atashangaa kuona kwamba, penye njaa, mzizi mzuri huwa ni ule wa bei nafuu.

Mbinu nyingine ni kuomba msaada. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kemikali ziitwazo strigolaktoni, ambazo mizizi hutoa kwa wingi zaidi inapokosa fosforasi, ni mwito kwa kuvu wa mikoriza, wanaoingia ndani ya mzizi na kutandaza nyuzi zao mbali kuliko vinyweleo vinavyoweza kufika, wakileta fosforasi na kupewa sukari. Ukimwaga mbolea nyingi ya fosforasi, mmea huacha kuita. (Kwa bahati mbaya mwito huohuo husikiwa na jirani mbaya: mbegu za kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mazao, hulala udongoni kwa miaka zikiusubiri, na wanaolima mpunga wa nchi kavu Kyela wanajua hasara yake.)

Sasa nije kwenye takwimu ambayo kwangu ndiyo kiini cha hoja yote. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa maharage uliofanywa shambani nchini Msumbiji, kwenye udongo wenye uhaba wa fosforasi. Watafiti walilinganisha makundi manne ya maharage yenye uhusiano wa karibu wa kinasaba, yakitofautiana kwa mambo mawili: urefu wa vinyweleo, na mwelekeo wa mizizi inayochipuka chini kidogo ya shina, kama inatambaa juujuu au inazama. Yaliyokuwa na vinyweleo virefu tu yaliyazidi yale yenye vinyweleo vifupi na mizizi inayozama kwa asilimia 89 ya uzito wa mmea. Yaliyokuwa na mizizi ya juujuu tu yaliyazidi kwa asilimia 58. Yaliyokuwa na vyote viwili yaliyazidi kwa asilimia 298.

Nimeirudia hesabu hii mara nyingi. Themanini na tisa ukijumlisha na hamsini na nane unapata 147. Shamba likatoa 298, mara mbili ya jumla hiyo. Maelezo yake si ya kimiujiza. Fosforasi hukaa tabaka la juu, kwa sababu ndiko majani yanakooza na ndiko mbolea inakowekwa. Vinyweleo virefu vilivyo kwenye mzizi uliozama vinapapasa mahali pasipo na kitu, na mzizi wa juujuu usio na vinyweleo uko sokoni bila mkono wa kuchukulia. Linalonisumbua ni jambo jingine. Tofauti hii ya karibu mara nne ilipatikana bila kubadilisha udongo, bila mfuko hata mmoja wa ziada, kwa kuchagua mzazi mmoja badala ya mwingine. Na ingelikuwa maharage hayo yote yamepandwa kwenye kipando kilicholishwa DAP, mbolea ya kupandia yenye naitrojeni na fosforasi, kwa kipimo kamili, sehemu kubwa ya tofauti hiyo isingeonekana, na mchaguzi angeondoka akiamini kwamba yote yanalingana. Ni mara ngapi basi tumeitupa mbegu kwa sababu tuliiuliza swali katika chumba ambamo haikuhitaji kujibu?

Mpunga umetoa jibu moja. Mwaka 2012 ilitangazwa jeni iitwayo PSTOL1, inayouwezesha mpunga kukuza mizizi mingi mapema penye uhaba wa fosforasi. Ilipatikana katika Kasalath, mpunga wa asili wa India, wakati katika aina nyingi za kisasa za mpunga haimo kabisa. Haithibitishi kwamba kila cha zamani ni bora, kwani mbegu nyingi za kienyeji huzaa kidogo hata zikishiba. Inaonyesha tu kwamba kitu kinaweza kupotea bila mtu kukusudia kukipoteza, kwa sababu hakikuwa kwenye orodha ya vinavyopimwa. Mbaazi nayo, zao ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa la pembezoni, iliripotiwa mwaka 1990 na watafiti waliofanya kazi India kuwa mizizi yake hutoa asidi ya pisidiki, inayofungua fosforasi iliyoshikwa na chuma, ile ambayo mazao mengi huishindwa.

Upande wa mbolea una jibu, na ni jibu zito. Tani moja ya punje za mahindi huondoka shambani na takriban kilo 15 za naitrojeni na kilo 3 hivi za fosforasi. Mzizi hodari hautengenezi virutubisho hivyo. Unavichimba tu, na mchimbaji hodari huharakisha siku ya shimo kuwa tupu. Ismani, kaskazini mwa Iringa, ilivuma kwa mahindi katika miaka ya 1950, ardhi ikalimwa msimu baada ya msimu bila kurudishiwa kitu, na mavuno yakashuka. Hakuna mzizi ambao ungeliokoa. Kumwambia mkulima mwenye ekari mbili achague mbegu yenye vinyweleo virefu na aache mbolea ni kumwambia ale mtaji. Isitoshe, Ismani hiyohiyo ni kavu, na mizizi inayotambaa juujuu kutafuta fosforasi ndiyo ya kwanza kuungua mvua zikikatika Februari. Kila mbinu ya mzizi ina mahali ambapo ni udhaifu.

Nayakubali haya karibu yote, ila si kwa kirutubisho kila kimoja kwa kipimo kilekile, na hapo ndipo nadhani mjadala wetu hukosa makini. Naitrojeni haina ghala lililofungwa la aina ya fosforasi. Akiba yake imo ndani ya mboji, na naitreti inayotokana nayo, yaani naitrojeni iliyo tayari kunywewa na mzizi, huzama na maji. Mvua za kwanza za Novemba na Desemba zinapoinyeshea Njombe, naitreti hushuka chini wakati mahindi bado hayana mizizi ya kuifuata. Mizizi iliyosimama wima na kuzama haraka itaokoa sehemu yake, lakini haiwezi kuokoa kisichokuwepo. Isipokuwa mikunde, ambayo vinundu vyake vina bakteria wa kuivuta kutoka hewani, mmea hauna mahali pengine pa kuitoa. Kwa naitrojeni, basi, wanaodai mfuko au samadi wana haki, na utetezi wa mizizi pekee ni dhaifu. Kwa fosforasi hali ni nyingine. Ikiwa shamba lina mamia ya kilo zilizofungwa, na mavuno ya tani mbili kwa hekta huondoa kilo 6 kwa mwaka, hofu ya kumaliza ghala ni ya kweli kwa wajukuu, ilhali njaa ya mmea mbele ya ghala hilo ni ya msimu huu.

Tena mfuko wenyewe unauhitaji mzizi. DAP ya kilo 50 ina kilo 9 za naitrojeni na takriban kilo 10 za fosforasi, kiasi ambacho kwa hesabu ya karatasi kingetosha tani tatu za mahindi. Udongo wa Rungwe hauisomi karatasi hiyo. Huanza kuikamata fosforasi mara tu punje ya mbolea inapoyeyuka, na mara nyingi mmea wa msimu wa kwanza haupati hata robo. Anayepata zaidi ni yule ambaye mizizi yake iko karibu mapema na inapapasa kwa nguvu. Mwaka 1975 mtafiti wa Uingereza aitwaye Drew alionyesha kwa shayiri kwamba mzizi ukikuta tabaka lenye fosfeti, naitreti au amoniamu, huchipua matawi mengi mahali hapo hapo, na kwingine ukapita bila kuhangaika. Mkulima anayeweka mbolea kwenye shimo badala ya kuirusha anaitumikia tabia hiyo, hata kama hakuambiwa sababu. Hivyo maharage yale yenye vinyweleo virefu na mizizi ya juujuu si mbadala wa DAP. Yana nafasi nzuri ya kupata sehemu kubwa zaidi ya fedha iliyolipiwa mfuko. Na yakifunika ardhi mapema, kwenye miteremko ya Umalila, yanazuia udongo wa juu usiende mtoni pamoja na mbolea iliyomo.

Kwa hiyo lawama yangu haiendi kwa ruzuku, ila kwa tunavyochagua. Vipeperushi vya mbegu hutaja siku za kukomaa, mavuno kwa hekta, mwinuko unaofaa na magonjwa yanayostahimiliwa; kuhusu mizizi ni nadra kupata hata mstari mmoja. Watafiti, wakiwamo wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, wanafanya kazi katikati ya udongo huuhuu na hawahitaji kufundishwa kwamba una uchachu. Ila mkulima, ambaye ndiye mchaguzi wa mwisho, hajapewa nafasi ya kuona. Kando ya kila kipando cha maharage pale John Mwakangale kingeweza kuwekwa kingine cha mbegu ileile, mistari minne tu, bila DAP, kwenye udongo ulioachwa na njaa yake. Mimea ikianza kutoa maua, ing’olewe kwa sepetu pamoja na bonge la udongo, ilowekwe kwenye ndoo ya maji, isuuzwe polepole na kulazwa juu ya ubao mweusi wenye pembe zilizochorwa kwa chaki, ili mtu aone mizizi ipi imelala na ipi imezama. Vinyweleo vitahitaji kioo cha kukuzia, na hadubini za shule zilizokaa kabatini zingefaa kwa kazi hiyo.