Tarbolton, na nota zisizo na mwenyewe

Wiki mbili sasa nalala na fidla ya Michael Coleman, mpigaji wa Ayalandi, masikioni. Santuri yenyewe ilirekodiwa New York mwaka 1934: rili tatu zimeunganishwa bila kupumua, Tarbolton, kisha The Longford Collector, kisha The Sailor's Bonnet. Nilichotaka ni kidogo tu, kujua nota za Tarbolton nilizopakua zilitoka kwa nani, maana hazifanani na ninachokisikia.

Rili, kwa asiyeijua, ni muziki wa Ayalandi wa kuchezea, wa mwendo wa kasi. Kwa kawaida ina vipande viwili vifupi, kila kimoja hurudiwa, halafu unaanza upya. Kwa udogo huo unadhani karatasi moja itaimaliza.

Wapi! Chukua pambo moja tu, lile linaloandikwa kwa alama ya kiwimbi juu ya nota. Ukipunguza mwendo kwenye simu unasikia sauti tano: yenyewe, ya juu yake, yenyewe, ya chini yake, yenyewe. Urudishe mwendo wake, zile za juu na chini zinapotea. Kinachobaki ni kidole kikigonga waya, kama pigo la ngoma. Mwandishi mmoja ataandika nota tano, wa pili kiwimbi, wa tatu nota moja ndefu. Wote wamesikiliza santuri ileile.

Santuri nayo ina vituko vyake. Upande mmoja ulibeba dakika tatu hivi, mpigaji ukimtosha au usimtoshe. Na aliyeinakili akiizungusha kasi kidogo kuliko ilivyorekodiwa, sauti yote inapanda, nawe unajikuna kichwa ukidhani Coleman alikaza waya zake kupita wenzake.

Ndiyo maana nagombana na wanaotafuta Tarbolton "ya asili". Ipi? Tarbolton ni kijiji cha Ayrshire, na rili hii ilitoka huko Uskoti. Coleman alizaliwa Killavil, Sligo, huko Ayalandi, mwaka 1891, akahamia Marekani 1914. Santuri zake zikavuka bahari kurudi Ayalandi, na wapigaji waliokuwa na mitindo ya vijijini kwao wakaanza kumwiga yeye. Hadi leo ukianzisha Tarbolton penye wapigaji, wenzako wanajiweka sawa kuingia The Longford Collector. Chaguo la mtu mmoja, siku moja mbele ya kinasa sauti, limekuwa kama sheria.

Vitabu navyo vina mikono mingi. Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork, Ayalandi, aliyekuwa mkuu wa polisi Chicago, alitoa mwaka 1903 mkusanyo wa nyimbo 1,850 za Ayalandi. Muziki aliudaka kwa sikio. Kuandika nota alimwachia polisi mwenzake, James O'Neill. Kwa hiyo wimbo ulipita kwenye vidole vya mpigaji, ukaingia sikioni mwa mkubwa wa polisi, ndipo ukafika kwenye kalamu ya mtu wa tatu. Simlaumu, bila wawili hao mengi yangepotea. Ila moyo wangu uko kwa Breandán Breathnach, mkusanyaji mwingine, ambaye katika Ceol Rince na hÉireann (yaani Muziki wa Dansi wa Ayalandi), juzuu ya kwanza mwaka 1963, alijali kutaja wimbo umechukuliwa kwa nani. Hadithi ya Mtume haikubaliwi bila isnadi, ule mlolongo wa waliopokezana. Kwa nini tuzikubali nota?

Hizi zangu hazina jina la mtu. Nimezilinganisha na santuri kipande kwa kipande, na naona aliyeandika alisikiliza mzunguko wa kwanza akafunga daftari, wakati Coleman si mtu wa kurudia kitu vilevile. Leo usiku naanza kuandika mzunguko wa pili. Karatasi bado haina nota hata moja, lakini juu kabisa nimeshaandika: Coleman, New York, 1934, mara ya pili.